Muulize Mchungaji: "Nikiolewa na mchungaji, kwetu patakuwa wapi?"

Barua za mwezi huu zimekuja na jambo moja: nyumba ya mchungaji. Nimetumika katika Kanisa la Methodisti nchini Kenya hadi nilipostaafu, nikianzia Tana, nikapanda Meru, nikamalizia Pwani nilikozaliwa. Haya ni mambo niliyoyaishi pamoja na mke wangu na watoto wetu, kwa hiyo safari hii nimejibu kwa urefu kuliko kawaida. Mhariri amekubali kunipa nafasi.

Bwana asifiwe, Mchungaji. Nina miaka 27, ni muuguzi katika hospitali ya kaunti hapa Meru. Mchumba wangu anamaliza theolojia Limuru, na mwakani ataanza kazi kama mchungaji wa majaribio wa Methodisti. Mimi nimelelewa Anglikana. Nampenda, na wito wake nauheshimu. Lakini nasikia wachungaji wenu huhamishwa kila baada ya miaka michache, na mke huambiwa tu afuate. Kazi yangu niiache? Watoto watasoma wapi? Shangazi ananiambia kwa mchungaji mke wa kwanza ni kanisa, mimi nitakuwa wa pili. Nisaidie kabla wazee hawajaenda kwetu. — Muuguzi, Meru

Amen, binti yangu. Umefanya vyema kuuliza sasa. Barua nyingi za namna hii hunifikia wakati vitanda vimeshafunguliwa na mizigo iko juu ya lori, na hapo ushauri hauna kazi tena.

Nianze na huku kuhama, maana ukijua kulikotoka hutakuona kama adhabu. Kulianza na John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Methodisti, huko Uingereza, karne ya 18. Aliamini kwamba mhubiri akikaa mahali pamoja muda mrefu, yeye hupoa na waumini nao hupoa. Kwa hiyo aliwapanga wahubiri wake katika sakiti, kila mmoja na farasi wake, wakizunguka kundi la makanisa na vikundi vya maombi, kisha wakabadilishana. Mwaka 1784 alipoandikisha hati ya kisheria ya kuunda Konferensi, yaani mkutano mkuu wa wahubiri wake, aliweka humo kwamba wahubiri wake wasipangwe mahali pamoja zaidi ya miaka 3 mfululizo. Miaka imebadilika tangu hapo, na kila kanisa la Methodisti duniani limejiwekea utaratibu wake, lakini mzizi ndio huo. Mchungaji wa Methodisti hapewi kanisa liwe lake. Hutumwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo vijana hawafundishwi vya kutosha darasani. Wesley alikuwa mtumishi mkubwa wa Mungu, na ninamshukuru Mungu kwa maisha yake kila Januari tunapoadhimisha Ibada ya Agano, ile ya kufanya upya agano letu na Mungu. Lakini katika ndoa hatuna la kumfuata. Mwaka 1751, akiwa na miaka 47, alimwoa Mary Vazeille, mjane mwenye watoto 4. Haukupita muda akaandika katika shajara yake kwamba haelewi mhubiri wa Methodisti atamjibu Mungu nini akihubiri hubiri moja pungufu, au akisafiri siku moja pungufu, kwa sababu tu ameoa. Fikiria Mary anaisoma sentensi hiyo. Alijaribu kusafiri naye, njia zikamshinda, akabaki nyumbani na barua. Alimwacha mumewe zaidi ya mara moja. Alipofariki Oktoba 1781, Wesley aliambiwa baada ya mazishi kwisha.

Huyo ndiye shangazi yako anayemwona, na sitambishia.

Lakini katika nyumba hiyohiyo ya akina Wesley kulikuwa na mdogo wake, Charles, mtunzi wa nyimbo zaidi ya 6,000. Charles naye alikuwa mtu wa farasi na mvua. Akampenda Sarah Gwynne, binti wa familia yenye uwezo kutoka Wales. Mama yake Sarah hakuvutwa na mahubiri pekee. Aliuliza swali la mzazi: binti yangu atakula nini? Akataka Charles ahakikishiwe paundi 100 kwa mwaka, na zikapatikana kutokana na mauzo ya vitabu vyao, John akaridhia. Ndipo harusi ikafungwa mwaka 1749, na John mwenyewe ndiye aliyeiongoza. Mwanzoni Sarah alipanda farasi nyuma ya mumewe wakazunguka wote. Watoto walipoanza kuja, na wengine wakafa wachanga, Charles akapunguza safari, na kufikia mwaka 1756 akaacha ile mizunguko mirefu. Akakaa Bristol na jamaa yake, akawahudumia Wamethodisti wa hapo, baadaye London. Wako waliomlaumu. Mimi simlaumu hata kidogo. Nyimbo ambazo kanisa lingali likiimba hadi leo zilitoka kwa mtu aliyekuwa akila na watoto wake.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mchumba wako si "utanipenda?" Hilo amekwisha kulijibu. Muulize atampanga nani kwanza siku ambayo kanisa na nyumba vinamtaka saa ileile. Asikujibu kwa mstari wa Biblia. Akujibu kwa kalenda.

Nikuonyeshe tulivyofanya sisi. Mpango wa mahubiri wa robo mwaka ni karatasi moja kubwa: upande wa kushoto majina ya makanisa yote ya sakiti, juu tarehe za Jumapili, na katika kila kijisanduku namba ya mhubiri. Kabla sijaupeleka kupigwa chapa, uliwekwa usiku mmoja jikoni kwetu, juu ya meza ya kupangia vyombo. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alichukua kalamu yake ya buluu ya kusahihishia na kuandika pembeni: kufunga shule, kufungua shule, siku ya kutembelea watoto bweni, wiki ya mitihani ya wanafunzi wake, safari ya kwenda kumwona mama yake. Penye buluu mimi nilijipanga kanisa la karibu au sikujipanga kabisa. Sakiti haikuanguka. Methodisti imejengwa juu ya wahubiri walei, yaani waumini wasio wachungaji. Penye makanisa mengi na mchungaji mmoja, wao ndio wanaopanda mimbari nyingi kila Jumapili, na wengi huhubiri vizuri kuliko sisi tuliosomea. Mchungaji anayedhani asipokuwepo neno la Mungu halitasikika hajawaamini wahubiri wake.

Kuhusu kazi yako, usiiache. Nasema hivi kwa uzito. Wewe hukuajiriwa na kanisa, na uuguzi ni wito kama wa mumeo. Ila ujue ugumu uliopo: tangu 2013 wauguzi wengi wa serikali ni waajiriwa wa kaunti, na kuhama kutoka kaunti moja kwenda nyingine kunataka pande zote mbili zikubali. Mume anaweza kupangiwa Kilifi na wewe barua yako ikakaa Meru muda mrefu. Kwa hiyo fanyeni mambo mawili. Mumeo amwandikie askofu wa sinodi yake, yaani wa eneo lake la kanisa, mapema, kabla kamati ya kupanga vituo haijakaa, aeleze kazi yako ilivyo. Majina yakishasomwa kwenye mkutano, kuyabadilisha ni kazi kubwa na humsumbua mchungaji mwingine ambaye naye amekwisha kufunga mizigo. Pili, mkubaliane nyinyi wawili ni umbali gani mtavumilia, na kwa muda gani. Wapo waliokaa mbalimbali mwaka mzima wakasalimika, lakini walijua mwisho wake ni lini.

Watoto: shule ya msingi wahame nanyi. Mtoto mdogo hujifunza lugha mpya upesi kuliko unavyodhani. Wangu walitoka Tana wakiongea Kipokomo, wakafika Kaaga, Meru, kwenye baridi ambayo hawakuijua, kwa mara ya kwanza wakavaa sweta asubuhi, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wanatusahihisha Kimeru chetu mezani. Sekondari ni habari nyingine. Hapo mtafutieni shule moja ya bweni asome hadi amalize, nyinyi mhame mnavyohama.

Nyumba ya kanisa utaikuta na daftari lake. Msimamizi wa sakiti atakuja na kalamu na kuhesabu viti, meza, vitanda, masufuria, na siku ya kuondoka atahesabu tena. Usione vibaya, ndivyo mali ya wote inavyotunzwa. Lakini kumbuka kwamba hakuna hata kijiko humo kitakachofuatana nawe siku ya kustaafu. Nimewaona wachungaji wema, waliojenga makanisa kadhaa, wakistaafu bila chumba kimoja cha kwao, wakaishia kwa mtoto aliyeoa. Anzeni chama cha akiba na mikopo mwezi wa kwanza wa ndoa, hata kwa kidogo. Nunueni kiwanja mapema. Mama yake Sarah Gwynne alilijua hilo mwaka 1749.

Na ushirika wa akina mama wa kanisa watakutaka uwe mwenyekiti wao siku ileile utakayofika, kwa mapenzi tu, si kwa ubaya. Kama una kipawa hicho, kubali. Kama zamu zako za usiku hazikuruhusu, sema hivyo kwa upole siku hiyohiyo ya kwanza. Kwenye makanisa mengi nimeona mama mchungaji akiheshimiwa zaidi kwa kumpima mtu presha baada ya ibada kuliko kwa kukaa kiti cha mbele.

Mwambie shangazi yako namsalimu.

Mchungaji, mimi ni mweka hazina wa kanisa letu. Mchungaji wetu mpya hapokei simu Jumatatu. Wiki iliyopita nilikuwa na hundi ya kutiwa sahihi, nikapiga kutwa. Jioni nikapata ujumbe: "Tuonane kesho." Je, mtumishi wa Mungu ana likizo kila wiki? — Mweka hazina, Kilifi

Ndugu yangu, anayo, na umshukuru Mungu kwamba anaichukua.

Hesabu naye wiki yake. Jumamosi ni mazishi, mara nyingi mawili, na kila penye msiba atakaa na wafiwa hata baada ya magari kuondoka. Jumapili ni ibada, pengine mbili au tatu, makanisa yenyewe mbalimbali, kisha kikao baada ya ibada, kisha mgonjwa anayengojewa njiani. Jumatatu ndiyo siku ambayo mke wake anamwona akiwa macho. Hundi yako ingeweza kutiwa sahihi Jumanne, na ikatiwa.

Ombi langu kwako ni moja. Katika kikao kijacho, wewe mwenyewe simama uliombe kanisa lisimpigie mchungaji Jumatatu ila kwa kifo au ugonjwa wa ghafla. Likitoka kinywani mwake litaonekana uvivu. Likitoka kwa mweka hazina litakuwa utaratibu.

Shikamoo, Mchungaji. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ribe, huku Pwani. Alipokuwa hai alituambia kwamba huko kuna kaburi la mke wa mmishenari aliyekuja zamani sana, na kwamba Methodisti ya Kenya ilianza hapo. Jina la huyo mama hakulijua, alimwita tu "bibi wa padri". Ni nani? — Mjukuu wa Ribe, Mazeras

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma na mke wangu akisikiliza, maana naye ni wa huko. Bibi yako alikuwa sahihi.

Jina lake ni Rebecca Wakefield. Mume wake alikuwa Thomas Wakefield, na habari zao huwezi kuzieleza bila kuanza na kaburi jingine. Mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa na mkewe Rosine, akitumwa na wamishenari wa Kianglikana. Haikufika hata mwaka, Rosine akazaa na kufa kwa homa, na mtoto naye akafa. Krapf aliwazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kisha akaendelea. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo Rabai. Baadaye afya ikamrudisha Ulaya, lakini moyo wake ulibaki huku, na mwaka 1862 alikuja tena akiongoza kikundi kidogo kilichotumwa na tawi moja la Wamethodisti wa Uingereza. Ndio walioanzisha Ribe.

Katika kile kikundi, homa na kukata tamaa viliwaondoa wengine upesi, na Krapf mwenyewe hakuweza kukaa. Aliyebaki ni Wakefield, kijana bado. Mwaka 1863 akaja mwenzake Charles New, yule ambaye mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro hadi akaigusa theluji kwa mikono yake, na ambaye alifariki mwaka 1875 akirudi kutoka safari nyingine ya Uchagani. Wakefield hakuwa mtu wa milima. Alikuwa mtu wa kukaa na watu na kuuliza. Aliketi na wafanyabiashara Waswahili wa misafara, hasa mmoja aliyeitwa Sadi bin Ahedi, akaandika kila kituo cha njia zao kutoka pwani hadi bara: penye maji, penye njaa, siku ngapi kutoka hapa hadi pale. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilichapisha habari hizo mwaka 1870. Wazungu waliosoma ramani ile walikuwa wanasoma kumbukumbu za Mswahili aliyetembea njia hizo kwa miguu yake, na napenda wajukuu wa Pwani walijue hilo.

Rebecca aliolewa na Wakefield huyo alipokwenda likizo Uingereza, wakaja pamoja huku kupitia Unguja. Aliishi Ribe muda mfupi. Alifariki hapo mwaka 1873, ndoa yao ikiwa bado changa, akazikwa hapohapo. Barua zake alizowaandikia jamaa zake zilihifadhiwa na kuchapishwa baada ya kifo chake, ndiyo maana tunamjua. Mume wake hakurudi kwao kwa kukata tamaa. Alibaki katika kazi hadi 1887, na ndani ya miaka hiyo kanisa likafika Mto Tana. Huko Golbanti, mwaka 1886, mchungaji mwingine kijana, John Houghton, na mkewe Annie waliuawa kituo kiliposhambuliwa. Nilipokuwa Tana niliwahi kufika Golbanti na mke wangu. Wazee wa huko bado walikuwa wakisimulia siku ile kama jambo la juzi.

Unaona idadi ya wake katika habari hii? Rosine, Rebecca, Annie. Tunapohubiri juu ya mwanzo wa kanisa letu huwa tunataja Krapf, Wakefield, New. Kisha tunaruka hadi Meru, ambako kazi ilianza Kaaga mwaka 1912, kisha hadi 1967 tulipopata Konferensi yetu wenyewe. Hatusimami makaburini. Mimi naona vibaya. Wanawake wale walitoa kila walichokuwa nacho kwa kanisa ambalo hawakuliona likikua, na jina la mmoja wao likawa "bibi wa padri" kwa mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka kaburini mwake.

Na hata wao wameandikwa. Kuna ambao hawakuandikwa kabisa: akina mama wa Ribe waliokuwa wakimchotea Rebecca maji, wakamuuguza, wakamkanda miguu homa ilipompanda, na mababu zetu waliobatizwa kwanza na wakatengwa na jamaa zao wa kaya, yaani vijiji vyetu vya jadi. Hao walikuwa na nyumba, watoto na mashamba. Hakuna aliyewalipia nauli ya kurudi popote.

Kwa hiyo, mwanangu, nina kazi ya kukupa. Nenda Ribe siku ya katikati ya wiki, si Jumapili, Jumapili wazee huchoka. Anza kanisani, omba kuonyeshwa makaburi. Kisha uliza ni nyumba gani zilizowahi kutoa wazee wa kanisa vizazi vitatu mfululizo, uende ukae huko. Peleka sukari na majani ya chai. Usianze na daftari. Anza na habari za bibi yako, alikuwa wa ukoo gani, aliolewa wapi. Ukishatambulikana, majina yatakuja yenyewe. Yaandike yote, na nakala moja uiache kanisani. Ukiniletea na mimi nakala, nitafurahi kuliko unavyojua.

Mchungaji, naitwa mtoto wa mchungaji tangu nizaliwe. Niko kidato cha 3. Nikichelewa ibada, "hata mtoto wa mchungaji!" Nikipata alama mbaya, vilevile. Baba ni mtu mzuri na watu wanampenda, lakini nyumbani huja amechoka, na simu ikilia anatoka tena. Kila mgeni akija anasema mimi nitachukua kiti cha baba, na baba anacheka kwa furaha. Mimi nataka kusomea umeme. Nitamwambiaje bila kumvunja moyo? — Kijana, Embu

Kijana wangu, umeandika vizuri na nimekusikia. Nina watoto waliosema maneno hayahaya ndani ya nyumba yangu, kwa hiyo sikujibu kama mgeni.

Kwanza, kiti cha baba yako hakirithiwi. Katika Methodisti hakuna anayekuwa mchungaji kwa kuzaliwa. Mtu husikia wito, huhojiwa, husoma, hujaribiwa miaka, ndipo akawekewa mikono. Wageni wanaposema vile wanamsifu baba yako, hawajakuhoji wewe. Usiwabebe.

Charles Wesley niliyemtaja juu alikuwa na wana wawili, Charles na Samuel, wote wenye kipawa cha muziki kisicho cha kawaida. Wamethodisti wengi waliona si sawa mtoto wa mhubiri kupiga muziki mbele ya matajiri. Baba yao aliwafungulia mlango. Kuanzia mwaka 1779 waliandaa tamasha nyumbani kwao London, sebuleni kwa baba, miaka kadhaa mfululizo. Kisha Samuel akiwa bado kijana akageuka Mkatoliki, jambo lililomuumiza sana baba yake. Lakini Charles hakumfukuza wala hakumkana. Kama yeye aliyavumilia hayo, baba yako ataweza kuvumilia fundi umeme katika nyumba yake. Hata kanisa lenyewe linamhitaji: nimehubiri mara nyingi spika zikikoroma na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua waya upi ni upi.

Pili, unamhitaji baba yako na hujamwambia hivyo. Susanna, mama yake akina Wesley, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wadogo. Nyumba ilikuwa na madeni na kazi zisizokwisha. Lakini kila wiki alimtengea kila mtoto jioni yake ya kuzungumza naye peke yake, na ya John ilikuwa Alhamisi. John alipokuwa mtu mzima, mwalimu wa chuo Oxford, alimwandikia mama yake akitamani zile Alhamisi zirudi. Omba na wewe jioni yako. Usimwambie baba "huna muda nami", atajitetea, na wachungaji tumezoea kujitetea. Mwambie, "Baba, nataka Jumatatu jioni iwe yangu tukiwa likizoni, na simu tuiache kwa mama." Hakuna baba wa kanisani atakayekukatalia hilo.

Jambo la umeme mwambie katika jioni ya kwanza au ya pili, usingoje matokeo ya mtihani wa mwisho. Nenda na kitu mkononi: ni chuo gani cha ufundi unachokitaka, masomo gani wanayahitaji, ada ni kiasi gani. Mzazi akiona umetafuta, huogopa kidogo. Kama ulimi utakuwa mzito, mwandikie barua umwachie juu ya Biblia yake Jumapili usiku. Ataisoma Jumatatu asubuhi akiwa ametulia.

Na kama kweli ni umeme, fizikia na hesabu ndizo za kushika sasa. Niandikie mwisho wa muhula, uniambie umepata nini katika hayo masomo mawili na baba alikujibu nini.